Bwana Samaki na Ruba wa Mjambere

Bwana Samaki hakuweza kumpita samaki bila kumfungua shavu. Hata sokoni Kongowea, ambako hakwenda kununua bali kumsindikiza mkewe, angeinama juu ya meza ya mtu, aingize kidole gumba chini ya shavu la changu, achungulie, kisha aendelee na safari yake. Wauzaji walimfukuza. Mmoja alimmwagia maji miguuni. "Mzee, kama hununui usimguse!" Yeye alijibu kwa utulivu kwamba hakuwa akimgusa, alikuwa akimwangalia hali. Mkewe ndiye aliyenisimulia haya. Alisema kwa miaka mingi alitembea hatua kumi mbele ya mumewe ili watu wasijue kwamba wamekuja pamoja.

Jina lake nalijua lakini sitaliandika, maana kwetu Mjambere hakuna aliyelitumia. Zamani aliajiriwa kuzunguka akikagua mabwawa ya samaki wa maji baridi, na kama vile afisa wa kilimo anavyoitwa Bwana Shamba, yeye akaitwa Bwana Samaki. Alipostaafu, kazi aliiacha ofisini, jina akaondoka nalo. Tulipojenga bwawa letu, sisi wanawake watano, kando ya timbo ambalo wachimbaji wa mawe ya kujengea walikuwa wameliacha, hatukumwita. Alisikia tu kwamba kuna watu wanafuga perege na kambare Mjambere, akavuka feri kutoka kwake Likoni, akatokea asubuhi moja na ndoo, brashi na mfuko wa chumvi. Hakubisha hodi kama watu. Alisimama ukingoni, akatazama maji kwa muda mrefu, ndipo akageuka na kutuuliza hali zetu, na habari za waume, na za watoto, na za mvua, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

Mimi ni mtu wa haraka. Nasema hivi ili ijulikane mapema. Nikipika, naonja kabla haijaiva. Yeye alikuwa kinyume changu kabisa. Ukimwambia samaki wamepona, hakufurahi. Angesema, "Usiniambie wamepona, Mama Kache. Niambie umewaangalia wangapi." Na ukimwambia umewaangalia kumi, angeuliza kama ulichagua wewe au walikuja wenyewe, kwa sababu, alisema, samaki mgonjwa haji kula, hukaa kando, na wewe ukiangalia wanaokuja kwenye chakula utaona wanono watupu. Kila mara alitaka aonyeshwe mgonjwa. Nilikuwa naudhika. Mtu unamwandalia chai na mahamri, umejipamba, unataka akusifu, naye anatafuta samaki mwenye kidonda.

Mahamri lakini alikula. Alikataa sukari kwenye chai, akasema daktari amemkataza, kisha akamaliza mahamri matano, na mahamri yangu si ya sukari kidogo. Mama Sidi, rafiki yangu na mwenzetu katika bwawa, alikuwa akiyahesabu kwa macho na kunikanyaga mguu.

Sheria zake zilikuwa nyingi, lakini moja ilikuwa juu ya zote. Kitu chochote kilichoingia kwenye maji ya bwawa moja, kiwe wavu, ndoo au kiatu, kisiingie kwenye bwawa jingine mpaka kioshwe kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani siku tatu. Alituwekea beseni la chumvi mlangoni. Siku mchungaji wetu alipokuja kuliombea bwawa, Bwana Samaki, ambaye ni Muislamu na alikuwa ametoka kuswali nyuma ya banda letu, alimsimamisha mlangoni, akamwomba avue viatu na kukanyaga ndani ya beseni. Mchungaji alidhani ni heshima ya wenzetu. Alikanyaga kwa unyenyekevu mwingi, akafumba macho, na Jumapili iliyofuata akahubiri saa nzima juu ya ndugu wa imani nyingine aliyemwosha miguu. Hatukuwa na moyo wa kumweleza kwamba alikuwa akioshwa kwa ajili ya ruba.

Ruba ndiye aliyekuwa adui yake. Nilipomuuliza kwa nini mtu mzima asumbuliwe na mdudu mdogo kiasi hicho, alisema atanionyesha. Safari iliyofuata aliniletea chupa ya jemu yenye maji, na ndani yake kijiwe, na juu ya kijiwe kitu bapa, rangi ya jani kavu, kifupi kuliko ukucha wangu wa gumba. Aliitikisa chupa kidogo. Kile kitu kikajinyoosha, kikashika kioo kwa ncha ya mbele, kikaivuta ya nyuma, kikajinyoosha tena.

"Huyu humkamata samaki midomoni, au chini ya mapezi, au ndani ya mashavu," alisema. "Anamnyonya damu. Wawili watatu si kitu. Wakiwa ishirini, samaki anakonda, anajisugua kwenye mawe mpaka anachubuka, na kidonda kinamuua. Akishiba humwacha, anakwenda kujificha mahali penye giza. Ndiyo maana ukimtafuta kwenye samaki peke yake hummalizi."

Kisha akaigeuza chupa ili nitazame kwa chini. Tumboni mwa yule ruba kulikuwa na vitu vidogo vidogo vyeupe vikichezacheza, vimejibana kwake.

"Wanawe," alisema, na sauti yake ikalainika. "Anawabeba hivyo. Hatawaacha mpaka awafikishe kwa samaki wao wa kwanza. Wallahi, mama huyu ana subira."

"Na ukimkuta kwenye bwawa langu?"

"Namuua. Yeye na wanawe."

Chupa ile ilikaa dirishani kwake. Mkewe aliniambia ameolewa mke wa pili, wa kwanza yumo ndani ya chupa.

Mambo yake mengine hayakuwa na maelezo. Alizunguka bara yote ya Mombasa, Kisauni, Jomvu, Changamwe, akiwashawishi watu wafuge perege na kula perege, na yeye mwenyewe hakumtia mdomoni. "Wananuka tope," alisema, bila haya, mbele ya wateja wetu. Watu wa pwani wengi wana fikra hiyo, kwamba samaki ni wa chumvi na hao wengine ni wa bara, lakini wao hawajitembezi na ndoo kuwatetea. Nilipomgombeza alishangaa. "Kwani daktari lazima awe mgonjwa?"

Alikuwa na hasira pia. Siku moja Mama Sidi alileta majani ya majini yenye maua ya zambarau, ameyatoa kwenye dimbwi fulani, akayaweka bwawani yapendeze. Bwana Samaki alipoyaona alimpigia kelele mpaka Mama Sidi akalia mbele yetu sote. Aliyang'oa moja moja, akayachoma, na akaondoka bila kuaga. Kesho yake alikuja na mkungu mzima wa ndizi, akauweka miguuni pa Mama Sidi, akaanza kuzungumza habari za mvua. Samahani hakuitamka. Mkewe alisema katika ndoa yao yote hajapata kuisikia. Amesikia ndizi, amesikia leso, siku moja amesikia mbuzi.

Ni huyo mtu ninayetaka mumweke moyoni kabla sijasimulia habari ya katani.

Kambare hawazai bwawani kwa urahisi wakiachwa wenyewe. Bwana Samaki alikuwa na ufundi wake. Alifumua magunia ya katani, akazifunga zile nyuzi mafungu mafungu, na siku jike lilipokuwa tayari alizitandaza majini ili mayai yanate juu yake. Fungu lake moja alilipenda kuliko mengine. Alilibeba kila mahali na kulikausha juani kwa siku zake tatu, akiligeuza mwenyewe, kwa upole ambao sijui kama mkewe aliuona.

Asubuhi moja jike letu kubwa lilikuwa limejaa tumbo, ukiligusa mayai yanataka kutoka. Nikampigia simu. Alikuwa Mikindani, kwenye bwawa la mtu mwingine, amemaliza kazi wakati ule ule. Akafika kabla ya adhuhuri, na katani yake ndani ya mfuko wa nailoni, mbichi, inachuruzika.

"Imelowa," alisema. "Tungoje. Nitaianika."

"Siku tatu? Bwana Samaki, huyu hatangoja jua lako. Mwangalie!"

Alimwangalia samaki. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika kiuno, na sura yangu nikishika kiuno naijua. Akacheka, akaisuuza ile katani kwenye beseni la chumvi mara moja, mbili, akaitandaza majini. Mayai yalikuwa maelfu. Tulipiga vigelegele. Yeye hakupiga makofi, alisimama tu akitazama maji.

Miezi michache baadaye jirani mmoja alikuja kununua kitoweo. Nilimtolea kambare, na kwenye mdomo wa yule kambare kulikuwa na vitu bapa vya rangi ya jani kavu vikijinyoosha. Jirani alipiga ukelele ukasikika mpaka barabarani. Kabla ya jua kutua, Mjambere nzima ilijua kwamba wale kina mama wa timboni wanauza samaki wenye minyoo, na wengine wakasema ni wadudu wa kunyonya watoto, na wengine, sijui walitoa wapi, wakasema kuna nyoka.

Mzee wa mtaa alikuja na watu wanne. Alisema kwa adabu, ni mtu wa adabu, lakini alilisema.

"Mama Kache, kisima cha watu kipo hapo chini, na watoto wanacheza hapa. Nawapa wiki tatu. Wadudu hawa wakiwa bado wamo, tutaleta vumbi la timbo tulifukie bwawa."

Nilikuwa nimeacha kazi ya kufua mahotelini kwa ajili ya bwawa lile. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kwa mashuka ya watu. Bwawa lile ndilo lililokuwa likimsomesha Kache wangu. Usiku ule sikulala, na sababu haikuwa bwawa peke yake. Nilijua ruba walikotoka.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba watu walikwishapata wa kumlaumu. Tulipokutana kesho yake, sisi watano na majirani na mzee wa mtaa, kila kidole kilimwelekea Mama Sidi. Si yeye aliyeleta majani ya dimbwini? Wenzetu wawili walisema waziwazi atoke kwenye kikundi, labda mzee wa mtaa ataridhika. Mama Sidi alikuwa amekaa juu ya jiwe, leso amejifunika kichwa. Na mimi rafiki yake nilikuwa nimekaa karibu naye, nimekunja mikono, kimya. Naandika haya kwa sababu karatasi haina macho.

Bwana Samaki alikuwa amechuchumaa ukingoni akimfungua kambare mashavu. Alimrudisha majini, akanawa, akasimama.

"Muacheni mama huyu," alisema. "Majani yake niliyachoma mimi, na ruba hawa si wa siku zile. Ni watoto wa juzi. Nimewaleta mimi. Niliitoa katani yangu Mikindani mbichi, sikuianika, nikaitia humu. Leo asubuhi nimetoka kule. Ruba wapo. Mwenye bwawa alikuwa nao tangu zamani, akanificha kwa kuona haya, na mimi sikumwangalia samaki wake hata mmoja kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuja huku."

Hakunitaja. Alimgeukia Mama Sidi na midomo yake ikahangaika kidogo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nisameheni nyote."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akasema kumbe daktari ndiye ugonjwa. Wengine wakacheka pia. Yeye alingoja wamalize, akauliza nani ana pampu ya maji ya kuazima.

Wiki tatu zile tulifanya kazi ambayo mahotelini hawaijui. Tuliwavua samaki wote, mmoja mmoja tukawazamisha kwenye beseni la maji ya chumvi huku Bwana Samaki akihesabu kwa sauti, na ruba wakaachia, wakadondoka chini ya beseni wakijikunja. Samaki tukawahamishia kwenye matangi mawili ya maji ya nyumbani kwa Mama Sidi. Baada ya siku kadhaa tukawarudia tena, wote, kwa sababu alisema mara ya kwanza huwa ni ya kujifariji. Bwawa tulilikausha mpaka tope likapasuka. Tukanunua chokaa ya mawe kwenye tanuri, tukaipaka kila ufa kwa brashi, naye akiwa amepiga magoti ndani ya bwawa tupu, kanzu ameifunga kiunoni, akiingiza kidole kwenye nyufa ambazo sisi tulisema ziko tayari. Mikono yetu ilichubuka. Katani yake aliichoma yeye mwenyewe, siku ya kwanza.

Siku ilipofika, maji mapya yalikuwa yamejaa na samaki wamerudi. Mzee wa mtaa alikuja na miwani. Bwana Samaki alimpa wavu.

"Chagua wewe. Usichukue wanaokuja. Wafuate walioko pembeni."

Mzee wa mtaa alivua, akafungua mashavu kama alivyoonyeshwa, akachungulia midomo, akageuza mapezi. Alianza kwa kusitasita, na alipofika samaki wa thelathini alikuwa amekunja mikono ya shati na anatugombeza tusimzibie mwanga. Mwishowe alijifuta.

"Mimi sioni kitu," alisema. "Na mmoja mnifungie, nikamkaange."

Tulipiga kelele. Mama Sidi alicheza. Nilipogeuka kumtafuta Bwana Samaki nimkumbatie, na angekasirika sana, alikuwa amekwisha kwenda.

Hakurudi tena. Nilipiga simu, mkewe akapokea: yupo shambani. Nikapiga tena: amelala. Niliwauliza wenye mabwawa wengine, nao vivyo hivyo, hajafika. Wengine hawakutaka afike. Mmoja wa Mikindani aliniambia, "Yule si ndiye aliyewatia ruba?" Nilimjibu jibu ambalo mchungaji asingelipenda. Bwawa letu lilikuwa limepona, Kache yuko shule, jirani yule wa ukelele alirudi kununua, na kila nilipomfungua samaki shavu niliona aibu.

Mwaka huu, baada ya miezi mingi, nilivuka feri nikaenda kwake. Sababu niliipata, na nikiwa na sababu sina simile.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamwagilia mchicha. Alikuwa amekonda. Ndoo yake ya kukagulia ndiyo aliyomwagilia nayo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Samaki wazima?"

"Umewaangalia wangapi?" nikamuuliza mimi, na akatabasamu kidogo, akarudi kwenye mchicha.

Nilimwambia ana deni la kufika kwetu. Akasema mtu aliyetia ugonjwa kwenye maji ya watu hana haki ya kuingia kwenye maji ya watu. Alisema amezeeka, anasahau, na kusahau kwake kunaua. Hakusema kwa kujihurumia. Alisema kama alivyokuwa akisema habari za samaki.

Basi nikalitoa nililolificha. "Si wewe. Mimi ndiye niliyekuharakisha. Ulisema tungoje, nikashika kiuno. Halafu siku ile mbele ya watu nikanyamaza, nikamwacha Mama Sidi alaumiwe, nikakuacha wewe uchekwe."

Aliinua kichwa. "Najua, Mama Kache. Lakini katani ilikuwa mkononi mwangu."

"Na ulimi ulikuwa kinywani mwangu."

Akanisogezea kigoda nikae. Mkewe alituletea chai. Ndipo nikamweleza nilichojia. Kuna mama mmoja anafuga kambare upande wa uwanja wa ndege, kule wadi ya Airport. Sikuwa nikimjua. Watu wa Changamwe wote hununua kwake vifaranga vya samaki, na kwa miezi miwili samaki wake wamekuwa na ruba, naye ameficha, akiogopa bwawa lake litafukiwa. Wiki iliyopita alitakiwa kutoa vifaranga kwa mabwawa sita. Akasikia habari kwamba huko Mjambere kuna mzee alisimama mbele ya watu akasema ni yeye, na bwawa halikufukiwa. Akazuia vifaranga. Akatafuta namba yangu. Nilitaka kumweleza kazi ya chumvi na chokaa, akakataa. Alisema aibu yake ataisema kwa yule mzee tu.

"Kwangu mimi?"

"Anangoja simu sasa hivi."

Bwana Samaki aliiweka ndoo chini. Nilipiga, nikaiweka simu kwenye spika, nikamshikia mbele ya uso kwa sababu mikono yake ilikuwa na matope. Upande wa pili kulikuwa na ndege inapaa, tukangoja ipite. Kisha sauti ya mwanamke, ndogo, karibu ilie.

"Shikamoo, Bwana Samaki. Mimi nina ruba."

"Marahaba, mwanangu," alisema, na tayari alikuwa anaangaza macho uani kutafuta viatu vyake. "Hata mimi nilikuwa nao."